Mhadhara wa uchaguzi wa Ulaya: namna ya kujiandaa, kusikiliza na kuuliza

Vyuo vikuu vya Ulaya vina desturi nzuri ambayo Waswahili wengi wanaoishi huko hawaitumii. Jioni, vipindi vikiisha, ukumbi hufunguliwa kwa umma. Profesa, mtafiti au mbunge wa zamani anazungumzia uchaguzi uliopita au unaokuja, kisha wasikilizaji wanauliza. Kwa kawaida hulipi kitu, na si lazima uwe mwanafunzi. Muuguzi aliyetoka zamu, dereva wa basi, mama aliyemwachia jirani watoto kwa saa mbili, wote wana haki ya kiti. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya yule anayefuatilia kwa simu akiwa Dar es Salaam, Nairobi, Goma au Muscat.

Usidhani mambo haya ni yao peke yao. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kukosoa mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Februari 2025 bunge hilohilo lilitaka makubaliano ya madini kati ya Umoja wa Ulaya na Rwanda yasimamishwe kwa sababu ya vita vya mashariki mwa Kongo. Mkataba wa biashara kati ya Umoja huo na Kenya ulianza kutumika Julai 1, 2024. Mkulima wa kahawa wa Kagera naye anaguswa na kanuni iliyopitishwa mwaka 2023 ya kukataza kuingiza Ulaya kahawa iliyolimwa kwenye misitu iliyofyekwa karibuni. Waliopiga kura hizo ni wabunge waliochaguliwa na watu wa Lyon, Gdańsk na Palermo. Ukijua wanavyochaguliwa, utajua pia kwa nini wanasema wanayoyasema juu yetu.

Hatua ya kwanza: chagua mhadhara mmoja, na uchague vizuri

London kuna LSE, chuo cha uchumi na siasa ambacho mihadhara yake ya wazi ni ya bure na mingi hurekodiwa. Oxford, katika Chuo cha St Antony's, kuna kituo kizima cha masomo ya Ulaya. Karibu na Florence kuna chuo kikuu cha watafiti wa Ulaya kilichoanzishwa na mataifa yenyewe, na uchunguzi wa vyama na chaguzi ni kazi yake kubwa. Mimi hupenda kuwatajia watu Collège de France ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 1530: haina mitihani wala haitoi shahada, na mihadhara yake yuko huru kuingia yeyote mpaka viti viishe. Ujerumani, andika neno "Ringvorlesung" pamoja na jina la mji wako kwenye intaneti. Utapata mfululizo wa mihadhara ya muhula mzima, kila wiki na mtoa mada wake.

Ukiona tangazo, soma kwanza mada. Mada pana kama "Hatima ya demokrasia Ulaya" huwa na maneno mazuri na mambo machache ya kushika. Mada inayotaja nchi moja na uchaguzi mmoja itakupa zaidi. Halafu angalia anayezungumza ni nani. Mtafiti wa wapiga kura atakuletea takwimu, mwanasiasa atakuletea habari za ndani zilizopindwa kidogo kuelekea chama chake, mwandishi wa habari atakuletea visa. Wote wana faida, ila usimsikilize mmoja kwa masikio uliyomwandalia mwingine.

Na wakati nao una uzito. Kama una jioni moja tu ya kutoa, usiitoe wiki moja kabla ya uchaguzi. Wiki hiyo kila mtu anabashiri. Nenda wiki mbili tatu baadaye, watafiti wakishapata nafasi ya kuchambua nani alihama chama gani, vijana walielekea wapi, na mikoa ipi ilibadilika. Hapo ndipo maelezo yanapoanza kuchukua nafasi ya hisia.

Tiketi za bure huisha haraka, kwa hiyo jiandikishe siku tangazo linapotoka. Zikiisha usikate tamaa, maana wengi waliochukua tiketi za bure hawatokei. Fika nusu saa mapema usimame kwenye foleni ya wasio na tiketi.

Hatua ya pili: usiku mmoja kabla, jifunze kura inavyogeuka kiti

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ningekuwa na ruhusa ya kubakiza moja tu ningebakiza hii. Mtoa mada hataieleza, kwa sababu anadhani kila aliyekuja anaijua. Asiyeijua atasikia asilimia na majina mpaka mwisho, na atatoka akidhani aliyeongoza ndiye aliyeshinda. Ulaya hayo ni mambo mawili tofauti.

Anza na Uingereza, kwa kuwa mfumo wake tunaujua: jimbo moja, mbunge mmoja, mwenye kura nyingi anachukua, kama Tanzania na Kenya. Sasa angalia uchaguzi wa Julai 4, 2024. Chama cha Labour kilipata takriban asilimia 34 ya kura, kikachukua viti zaidi ya 400 kati ya 650. Reform UK ilipata kura zipatazo milioni 4.1 na viti 5. Liberal Democrats walipata kura pungufu ya hizo, kama milioni 3.5, na viti 72. Siri iko kwenye mtawanyiko. Kura za Reform zilisambaa nchi nzima, ikawa ya pili au ya tatu mahali pengi, na za Liberal Democrats zililundikana kwenye majimbo ambayo wangeweza kushinda. Basi ukimsikia mtoa mada akisema ushindi ule ulikuwa "mpana lakini mwembamba", utajua anazungumzia nini.

Vuka uende Ujerumani. Huko mpiga kura ana kura mbili kwenye karatasi moja: ya kwanza kwa mgombea wa jimbo, ya pili kwa chama. Ya pili ndiyo inayoamua chama kitakuwa na viti vingapi kati ya 630. Lakini kuna kizingiti: chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura za pili hakiingii kwenye mgawo, isipokuwa kimeshinda angalau majimbo matatu. Tarehe 23 Februari 2025 chama kipya cha Sahra Wagenknecht kilikwama kwenye asilimia 4.98, kikikosa kura zisizofika 10,000. FDP, chama kilichokuwa serikalini miezi michache tu kabla, kilipata asilimia 4.3 kikatupwa nje. Ukijumlisha na vyama vidogo, karibu asilimia 14 ya kura hazikuleta kiti. Viti hivyo vikagawanywa kwa waliovuka, na ndiyo maana muungano wa CDU/CSU wa Friedrich Merz wenye asilimia 28.5 na chama cha SPD chenye 16.4 waliweza kuwa na wingi bungeni hali jumla yao haifiki nusu ya kura. AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, ilikuwa ya pili kwa asilimia 20.8, ila vyama vingine vinakataa kuunda nayo serikali. Kizingiti kingepitwa na chama kimoja zaidi, Friedrich Merz angehitaji mshirika wa tatu. Hata hivyo, Mei 6 alishindwa kwenye duru ya kwanza ya kura ya wabunge: alihitaji 316 akapata 310, akachaguliwa kuwa kansela kwenye duru ya pili siku hiyohiyo.

Ufaransa wanapiga kura mara mbili, wiki moja ikipita katikati. Duru ya kwanza, kama hakuna aliyepata zaidi ya nusu, wanaoendelea ni wawili wa juu pamoja na yeyote aliyepata kura zinazolingana na asilimia 12.5 ya walioandikishwa. Zingatia: walioandikishwa, si waliojitokeza. Juni 30, 2024 watu walijitokeza kwa wingi, kwa hiyo majimbo mengi yakabaki na wagombea watatu. Chama cha Marine Le Pen na washirika wake waliongoza kwa kama theluthi moja ya kura. Ndani ya siku chache wagombea zaidi ya 200 wa mrengo wa kushoto na wa kambi ya Macron walijitoa ili kura dhidi ya chama hicho zisigawanyike. Julai 7 chama kilichoongoza duru ya kwanza kikawa cha tatu kwa viti. Hakuna kambi iliyokaribia viti 289 vinavyohitajika kati ya 577, na tangu hapo serikali zimekuwa zikianguka: ya Michel Barnier Desemba 2024, kwa kura ya kutokuwa na imani iliyofanikiwa kwa mara ya kwanza tangu 1962, kisha ya François Bayrou Septemba 2025.

Uholanzi na Poland zinakupa somo la mwisho. Novemba 2023 chama cha Geert Wilders kilikuwa cha kwanza Uholanzi kwa viti 37 kati ya 150. Kiliingia kwenye serikali ya mseto, lakini Wilders hakuwa waziri mkuu, kwa sababu washirika hawakumkubali. Mwezi mmoja kabla, Poland, chama tawala cha PiS kilikuwa cha kwanza kwa viti 194 kati ya 460. Wapinzani wake wakaungana na Donald Tusk akaapishwa Desemba. Kwa nchi kama hizi usiku wa matokeo ni mwanzo wa mazungumzo. Ubelgiji waliwahi kukaa siku 541 baada ya uchaguzi wa 2010 ndipo wakapata serikali kamili.

Kama mhadhara wenyewe ni wa Bunge la Ulaya, shika haya: viti 720, nchi 27, uchaguzi kila miaka mitano tangu 1979, wa karibuni ukiwa wa Juni 6 hadi 9, 2024. Ujerumani ina viti 96, Malta ina 6. Kila nchi hutumia mfumo wa uwiano, na wabunge hukaa kwa makundi ya kisiasa, hawakai kwa mataifa.

Andika kwenye karatasi mambo matatu ya nchi utakayokwenda kuisikia: kura inageukaje kiti, nani yuko serikalini sasa na nani, na uchaguzi uliopita ulikwendaje. Nusu saa inatosha.

Hatua ya tatu: ukiwa ukumbini

Kaa karibu na njia ya katikati, ambapo kipaza sauti hufika kwa urahisi. Usijaribu kuandika kila kitu. Andika tarakimu, majina usiyoyajua, na pale ambapo moyo wako umesema "hapana".

Kila asilimia ikitajwa, jiulize ni asilimia ya nini: ya kura halali, ya walioandikishwa, ya viti, au ya waliohojiwa na watafiti wa maoni? Utafiti wa maoni uliohoji watu 1,000 unaweza kukosea kwa kama pointi tatu juu au chini. Ukionyeshwa chati inayosema chama kimepanda kutoka 21 hadi 22, hakuna habari hapo, hata kama mchoro unapendeza.

Sikiliza pia mtoa mada anapotoka kwenye anachokijua kwenda kwenye anachokidhani. Wasomi wazuri hukuonyesha mpaka huo wenyewe. Mwingine akisema "wahamiaji ndio waliosababisha matokeo haya" bila kuonyesha waliopiga kura walisema nini walipohojiwa, weka alama pembeni, hilo ni swali lako.

Kuna jambo moja linalotuhusu moja kwa moja. Uingereza watafiti huweza kuuliza wapiga kura asili yao na kutoa takwimu, na utafiti mkuu wa wapiga kura umekuwa ukifanyika huko tangu 1964. Ufaransa sheria inabana sana ukusanyaji wa takwimu za asili na dini. Ukitaka kujua Wafaransa wenye asili ya Afrika walipigaje kura, utapewa makadirio na matokeo ya vitongoji, hutapata jedwali kama la Uingereza. Usimlaumu mtoa mada kwa hilo.

Hatua ya nne: uliza

Wengi wetu tunakaa kimya. Wengine, tuliolelewa na mijadala kama ile ya Ukumbi wa Nkrumah pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunasimama na kuchangia: tunasalimia, tunashukuru, tunaweka historia, ndipo tunafika. Ni desturi ya heshima na mimi naipenda, kwa sababu inamfanya msikilizaji awe mshiriki. Lakini katika kumbi hizi mwenyekiti atakukata kabla hujafika. Una nusu dakika. Sema jina lako na unapotoka, toa sentensi moja ya msingi, uliza swali moja, keti.

Usiulize alichokwisha kukisema, wala usiulize "una maoni gani kuhusu Afrika?" Hilo litajibiwa kwa adabu tupu. Uliza kitu ambacho wewe, kwa ulikotoka, unakijua kuliko ukumbi mzima. Tuna ujuzi mkubwa wa chaguzi: za marudio, za mahakamani, za waangalizi, za miungano iliyovunjika. Huo ni mtaji.

Chukua mfano. Desemba 6, 2024 Mahakama ya Katiba ya Romania ilifuta uchaguzi wa rais siku mbili kabla ya duru ya pili. Wazungumzaji wengi huliita jambo la ajabu. Mkenya ukumbini anaweza kusimama na kusema hivi: "Asante mwenyekiti. Natoka Kenya. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu yetu ilifuta uchaguzi wa rais, na katiba ikaagiza marudio ndani ya siku 60. Romania ilingoja hadi Mei 2025. Je, muda huo mrefu ulisaidia kurudisha imani ya wapiga kura, au uliipunguza?" Swali hilo lina tarehe, lina mlinganisho wa haki, na halina jibu la haraka. Anayejua mambo atalifurahia, na atalazimika kukumbuka kwamba Austria nayo ilifuta duru ya pili ya uchaguzi wa rais mwaka 2016, kisha Alexander Van der Bellen akashinda tena Desemba kwa tofauti kubwa kuliko ya mwanzo. Malawi nayo uchaguzi wa rais ulifutwa na kurudiwa mwaka 2020. Ghafla mjadala hauhusu tena "nchi changa" na "nchi zilizokomaa".

Lugha isikuzuie. Andika swali lako kamili kwenye karatasi ulisome. Hakuna atakayekucheka, na hata wazawa wengi husoma.

Baada ya mhadhara

Mara nyingi kuna vinywaji nje ya ukumbi. Usikimbilie treni ikiwa unaweza kubaki robo saa. Hapo mtoa mada hujibu kwa uhuru zaidi, na hapo ndipo utasikia kuhusu semina ndogo ambazo hazitangazwi sana. Ukialikwa kwenye semina ya ndani, unaweza kuambiwa inafuata kanuni ya Chatham House, iliyowekwa mwaka 1927: unaruhusiwa kutumia uliyoyasikia, huruhusiwi kusema nani aliyasema wala nani alikuwepo. Iheshimu, hasa kwenye makundi ya WhatsApp. Mhadhara wa wazi hauna kizuizi hicho, isipokuwa mwenyekiti akisema vinginevyo.

Usiku huohuo, andika aya mbili tatu kwa Kiswahili, uwatumie jamaa wanaopenda siasa. Utakachoshindwa kukieleza ndicho hukukielewa, na rekodi ikitoka utajua dakika ipi ya kurudia.

Kwa anayefuatilia kutoka mbali

Mihadhara mingi hurushwa moja kwa moja. Tatizo ni saa. Mhadhara wa London wa saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni saa tatu na nusu usiku majira ya baridi yao, na saa mbili na nusu usiku majira ya joto. Saa zao husogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Wa Berlin na Paris wako nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto. Bujumbura, Kigali na Goma toa saa moja kwenye hesabu hiyo, Muscat ongeza moja. Maswali ya mtandaoni huandikwa kwenye kisanduku: tuma mapema, dakika kumi za mwanzo, kwa kuwa mwenyekiti huchagua kutoka yale yaliyokwisha kufika.

Na kama unaishi huko, angalia kama wewe mwenyewe ni mpiga kura

Hili watu wengi hawalijui. Uingereza, raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali halali cha kuishi nchini humo wana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, hata kwenye uchaguzi wa bunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, wote wamo, na kibali cha mwanafunzi kinatosha. Mkongo na Mrundi hawamo kwenye kura za bunge la Uingereza, lakini Ireland mkazi wa uraia wowote hupiga kura za serikali za mitaa. Sweden huruhusu hivyo baada ya miaka mitatu ya kuandikishwa kama mkazi, Uholanzi baada ya miaka mitano ya ukaaji halali. Ujerumani na Ufaransa hawajawaruhusu wasio raia wa Umoja wa Ulaya hata kwenye kura za mitaa.

Uingereza kujiandikisha hufanywa mtandaoni kwa dakika chache, na mwisho wake ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Siku ya kura za bunge beba kitambulisho chenye picha. Pasipoti yako ya Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda inakubalika.